Moshi wa Mbegu

Shuleni, ng'ambo ya ziwa
Jumapili, 2 Februari 2025

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Nimeapa moyoni kwamba mwaka huu nitakuambia kila kitu, kizuri na kibaya, bila kuchagua. Naanza na kibaya. Sanduku langu liliingia maji kivukoni, na maandazi aliyonipa Shangazi Gladness yakawa uji. Niliyala hivyo hivyo. Kizuri ni kwamba nimepangiwa kitanda cha chini karibu na dirisha, na ninaliona ziwa kila ninapotandika.

Simu haziruhusiwi hapa, unajua, ndiyo maana nakuandikia. Katekista Yakobo amekubali kukusomea barua zangu na kuandika majibu yako, na gari la parokia linalokuja huku kila Jumatatu litazibeba. Mzee Yakobo, shikamoo na wewe. Naomba usome polepole na usiruke mahali.

Bibi, nalifikiria jiko letu hata darasani. Madamu Akelo, anayetufundisha fizikia, aliuliza nani anaweza kueleza jinsi joto linavyosafiri. Nilisimama nikaeleza jinsi mimi na fundi Shimba tulivyolijenga jiko pale ukumbini kwako wakati wa likizo, kwa matofali ya kuchoma na udongo wa kichuguu, na lile pipa la maji ambalo moshi unalizunguka kabla ya kupanda kwenye bomba. Nilisema moto mmoja unapika, unachemsha maji ya kuoga na unapasha nyumba joto, na moshi wote unatoka nje. Nilisema tunachochea kwa vijiti vya pamba na magunzi ya mahindi. Wasichana wa mjini walicheka niliposema magunzi. Madamu hakucheka. Alinipa chaki nichore ubaoni.

Sijasahau maneno ya Shangazi siku ya Krismasi. Alisema kama masika haya yatakukuta bado unainamia moshi kwenye kibanda cha jikoni na kuoga maji ya baridi na magoti yako hayo, baada ya Pasaka atakuja kukuchukua ukaishi kwake Mabatini, na nyumba ya Kisesa itafungwa. Nilimwambia jiko litatosha. Akasema, "Tutaona." Sikulala vizuri siku ile. Baba na mama wako Geita katika chumba kimoja na wadogo zangu wanne, na nikienda huko nalala mlangoni kama mgeni. Nyumbani kwangu ni hapo kwako. Ukihamishwa, likizo nitarudi wapi?

Kwa hiyo niambie: maji yanapata moto haraka? Magoti yanasemaje?

Mjukuu wako,
Teodora Ndalahwa


Kisesa
16 Februari 2025

Mjukuu wangu Teodora,

Marahaba, mayu, mama yangu. Mimi ni mzima. Kuku ni wazima, ila mwewe amechukua vifaranga viwili mchana kweupe, na mbwa wa Yakobo alikuwa amelala palepale akimtazama. Yakobo anasema hilo si la kuandika. Andika, Yakobo.

Jiko lako ni zuri sana. Linang'aa. Kila anayekuja namkaribisha alione. Mke wa mwenyekiti alilipapasa akasema limejengwa vizuri kama kaburi la padri. Nikamwambia atoke nyumbani kwangu. Alipofika mlangoni nikamwita, akarudi, tukanywa chai.

Maji ni moto. Magoti yanashukuru. Hangaika na vitabu, usihangaike na mimi. Na hao wanaocheka magunzi, waulize kwao wanapikia nini, kama ni mwezi.

Ni mimi bibi yako,
Kashindye

Mimi Yakobo naongeza chini. Nimeandika kila neno kama alivyolisema, kwa maana hiyo ndiyo kazi niliyoombwa. Lakini mimi pia ni jirani, na nina macho. Moshi unatoka kwenye kibanda cha jikoni asubuhi na jioni. Kwenye bomba lako sijauona kwa wiki mbili sasa. Hili hakuniambia niliandike.


Shuleni
Jumapili, 2 Machi 2025

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Umesema jiko linang'aa. Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Jiko linalotumika haling'ari, Bibi. Linakuwa na masizi mdomoni na majivu miguuni.

Sikulaumu. Nadhani kosa ni langu, na kwa kuwa nimeapa kusema kila kitu, nalisema. Fundi Shimba alitaka bomba lipite paa kwa mita nzima. Mimi ndiye niliyemwambia apunguze, kwa sababu bati lilikuwa linaisha na nilitaka jiko limalizike kabla sijaondoka. Bomba fupi halivuti vizuri. Inawezekana moshi unakurudia ukumbini, na wewe hutaki kuniambia.

Tafadhali jaribu hivi. Jaza pipa kwanza, usiwashe moto pipa likiwa tupu. Fungua kimlango cha majivu hadi mwisho. Anza na magunzi matatu makavu, kisha vijiti vya pamba, vyembamba vikitangulia. Moto ukishika, kimlango kirudishe nusu. Moshi ukirudi ndani, mwite Shimba aongeze bomba, mwambie nimekubali nilikosea.

Hapa mvua imeanza. Asubuhi tunaoga kwa maji ya kisimani, na wasichana wanapiga kelele kabla hata maji hayajawagusa. Mimi sipigi kelele. Navuta pumzi, nakufikiria wewe ukiwa mbele ya lile pipa, na kopo lako la bluu.

Naomba jibu la kweli.

Mjukuu wako,
Teodora


Kisesa
16 Machi 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba. Shimba alikuja. Akapanda juu ya paa, akachungulia bomba, akashuka, akasema halina kosa lolote, na urefu uliochagua unatosha. Basi ondoa mzigo huo moyoni. Akawasha moto mwenyewe. Uliunguruma kama trekta la chama cha pamba. Maji yalichemka kabla hajamaliza ugali wake, nikaoga, nikasikia magoti yangu kama ya msichana. Umeridhika?

Mengine tutaongea ukija. Si kila jambo linaingia kwenye bahasha. Soma.

Bibi yako,
Kashindye

Mimi Yakobo. Nimekatazwa kuongeza chochote, na amenisimamia huku ameshika mwiko. Kwa hiyo siongezi. Salamu tu.


Shuleni
Jumapili, 30 Machi 2025

Mpendwa Bibi,

Shikamoo.

Jana ilikuwa siku ya wageni. Shangazi Gladness alikuja na chapati na sabuni, na habari ambazo afadhali ningezipata kwako. Tulikaa kwenye majani karibu na maktaba. Nikamuuliza, "Bibi hajambo?"

Akasema, "Nimepita kwake juzi. Nimemkuta kibandani, macho mekundu kama nyanya, anapuliza moto wa mafiga na mvua inamdondokea mgongoni. Anachemsha nusu sufuria ya maji ya kuogea."

"Na jiko la ukumbini?"

"Ukumbini kuna meza nzuri sana ya matofali. Imetandikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake kuna picha ya ubatizo wako."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Shangazi aliona. Alinishika bega akasema, "Ulijitahidi, Teo. Lakini mama yangu hawezi kuendelea kuloa pale nje. Jumamosi ya mwisho ya Aprili nakuja na gari kumchukua. Na wewe utakuwa unakuja Mabatini, utalala na binti zangu." Alisema kwa upole, Bibi. Ndiyo maana sikuweza kubishana naye.

Baadaye nililia kidogo chooni, na sasa nimemaliza.

Nina swali moja. Shimba amesema jiko halina kosa. Wewe umesema uliogea maji yake na magoti yakafurahi. Sasa kwa nini limetandikwa kitambaa? Kama hulipendi, sema tu. Sitakasirika. Nitakasirika kidogo, kisha nitaacha. Lakini usiponiambia, sitajua cha kurekebisha, na gari litakuja.

Mjukuu wako anayekupenda,
Teodora


Kisesa
6 Aprili 2025

Mjukuu wangu Teodora,

Marahaba, mama. Leo namwambia Yakobo aandike yote, hata pale nitakaposimama kutafuta neno.

Jiko lako nalipenda. Nalipenda mno, na hiyo ndiyo shida.

Kibandani, juu ya mafiga, kuna kichanja cha fito. Umekiona tangu ukiwa mtoto, na labda hukukitazama, kwa sababu ni cheusi kama chungu. Pale ndipo ninapofungia masuke ya mtama wangu mwekundu, mafungu kwa mafungu, yakisubiri mvua za vuli. Moshi wa kila siku unayapaka, na fukusi hawayagusi. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Mbegu hiyo nilikuja nayo siku ninaolewa hapa, masuke matatu yamefungwa kwenye kitambaa. Kwetu msichana anapoondoka kwenda kuolewa, anapewa mbegu na mama yake. Shangazi yako Gladness nilimpa zake. Sijawahi kumuuliza alizifanyia nini huko Mabatini kusikokuwa na shamba, naye hajawahi kuniambia.

Sasa jiko lako limefukuza moshi. Hiyo ndiyo sifa yake, kila mtu analisifia kwa hilo. Ulipoondoka nilichukua mafungu mawili nikayaning'iniza ukumbini juu yake, nikisema joto lake litatosha kulinda. Baada ya wiki tatu niliyagusa yakanimwagia unga mkononi. Fukusi walikuwa wanatembea humo kama watu wa mnadani.

Ile dawa ya unga ya dukani niliijaribu mwaka ule wa njaa. Punje zilidondoka, kuku wakazila, wakafa saba. Siitaki tena.

Na kuwasha moto miwili siwezi. Kuni za moto mmoja nazimudu, za miwili sina mgongo wa kuzibeba. Basi ilinibidi nichague. Nikichagua jiko lako, naoga maji ya moto na mbegu ya mama yangu inaliwa. Nikichagua mafiga, mbegu inabaki na mimi naoga nusu ndoo. Nilichagua mbegu. Mimi nina miaka sabini na sita. Mbegu ina zaidi.

Sikukuambia kwa sababu niliona ulivyokuwa ukikanda ule udongo wa kichuguu, umejaa matope mpaka masikioni, unaimba. Nikasema, mtoto huyu nimwambie nini? Nikatandika kitambaa ili lisichafuke, ili ukija ulikute vile ulivyoliacha.

Ndani ya bahasha kuna karatasi mbili zilizokunjwa. Ya kwanza ina punje ishirini za kichanjani. Ya pili ina punje ishirini za yale mafungu ya ukumbini. Nimekuwekea uone mwenyewe kwamba sizushi.

Shangazi yako akija na gari, nitapanda. Sitagombana na mwanangu barabarani. Lakini kibanda kikikosa moto mwezi mmoja, mbegu haipo tena. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Mabatini yenyewe haina neno. Gladness anapika vizuri.

Bibi yako,
Kashindye

Yakobo hapa. Leo sina cha kuongeza. Amesema yote mwenyewe, nami nimelazimika kufuta miwani mara mbili.


Shuleni
Jumapili, 13 Aprili 2025

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Naomba radhi. Nilipima ukumbi, nikapima bomba, nikapima hata upana wa kopo lako ili lipite kwenye mdomo wa pipa. Kitu ambacho sikufanya ni kukuuliza ule moto wa kibandani ulikuwa unafanya kazi gani nyingine. Nilidhani moshi ni uchafu tu. Kwenye daftari langu niliuandika hivyo, na nilipata alama zote.

Barua yako ilifika Jumatatu. Jioni ileile nilitandaza punje zako kwenye vipande viwili vya kanga mbichi, nikaviweka chini ya kitanda. Ninavilowesha asubuhi na jioni. Hadi leo za kichanjani zimeota kumi na nane kati ya ishirini. Za ukumbini imeota moja, tena imepinda. Mkuu wa bweni alipokagua akasema, "Ndalahwa, unalima chini ya kitanda?" Nikamweleza. Sasa na yeye anachungulia kila asubuhi.

Nilimpelekea Madamu Akelo barua yako, nikamwomba ruhusa ya kumsomea sehemu ya mbegu tu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwao Shirati mama yake huning'iniza mahindi ya mbegu juu ya moto wa kubanika samaki. "Mbegu zetu zinanuka sangara," akasema, "na zinaota kuliko za mtu yeyote." Halafu akanigeukia. "Haya, fundi. Moshi wako unapita wapi ukishatoka kwenye pipa?"

Bibi, hapo ndipo nilipoona. Moshi wetu bado upo. Tunautupa tu. Ukitoka kwenye pipa umeshaacha joto lake kwenye maji, unapanda bombani ukiwa umepoa, unaenda kuwafukiza kunguru.

Nimekuchorea karatasi ya pili, umpe Shimba. Ajenge kijumba cha matofali ukutani pembeni ya bomba, usawa wa kifua chako ili usipande kitu, kiwe na mlango wa ubao unaofunga vizuri. Ndani aweke fito nne za kufungia masuke. Kwenye bomba akate kidirisha cha bati cha kusukuma. Ukikifungua, moshi unaingia kijumbani, unayapaka masuke, kisha unatoka nje kwa tundu dogo juu ukutani. Ukikifunga, unapanda bombani kama kawaida. Moto ni mmoja tu, ule ule. Unapika, unaoga, nyumba inapata joto, na mbegu zinapata moshi wao.

Madamu ameongeza jambo moja. Joto likizidi mno linaua mbegu. Kabla ya kuweka masuke, weka kipande cha mshumaa kijumbani wakati moto unawaka sana. Kikilainika, mwambie Shimba akisogeze kijumba juu zaidi. Kikibaki kigumu, ni salama.

Zimebaki wiki mbili kabla ya Jumamosi ya mwisho. Matofali yaliyobaki yako nyuma ya banda la kuku, niliyahesabu kabla sijaondoka, yanatosha. Naomba Shimba asikatae. Na kichanja cha zamani usikivunje mpaka uone mwenyewe.

Naogopa kidogo. Lakini nina matumaini zaidi ya woga.

Mjukuu wako,
Teodora


Kisesa
4 Mei 2025

Mjukuu wangu Teodora,

Marahaba. Kaa chini usome.

Shimba alipoiona ile karatasi aliigeuza juu chini, kisha akasema, "Huyu mtoto atanipokonya kazi." Akaanza Jumatano Kuu. Mshumaa ulilainika mara ya kwanza. Akatukana, na Yakobo alikuwepo, akaomba radhi, akabomoa, akapandisha mistari mitatu ya matofali. Mara ya pili mshumaa ulibaki mgumu kama kidole. Jumatatu ya Pasaka nilihamisha masuke yangu, fungu moja baada ya jingine, na sikumruhusu mtu anisaidie.

Kitambaa nimekiosha na kukirudisha kwenye kiti. Picha yako iko ukutani sasa, juu ya kijumba. Imeanza kuwa nyeusi kidogo. Utanisamehe.

Jumamosi ile aliyoipanga alikuja Gladness na kirikuu, kigari cha mizigo cha kukodi, na kamba, na dereva aliyekuwa anatazama saa yake. Mvua ilikuwa inapiga tangu asubuhi. Aliingia ameloa mpaka kwenye mifupa, na ameshaandaa maneno. Nilimwona usoni kwamba ameyaandaa. Akasema, "Mama, leo hatubishani."

Nikasema, "Hatubishani. Kwanza kaoge."

"Sikuja kuoga, nimekuja kukuchukua."

"Utanichukua ukiwa unatetemeka hivyo? Kaoge."

Nikamfungulia koki ya pipa mwenyewe, ndoo nzima, maji ya moto mpaka mvuke ukajaa ukumbini. Alioga muda mrefu, mpaka dereva akauliza kama kuna mlango wa nyuma. Alipotoka nilimpa uji, akakaa kwenye kile kiti karibu na jiko, akasema, "Joto hili linatoka wapi?" Kabla sijamjibu alikuwa amelala, ameegemeza kichwa ukutani kama alivyokuwa akilala utotoni. Dereva tulimpa ugali na maziwa ya mgando, akaacha kutazama saa.

Alipoamka alitaka kuweka kikombe chake kabatini. Akafungua mlango wa kijumba akidhani ni kabati la vyombo. Moshi ukampiga usoni. Akarudi nyuma, kisha akasogea tena, akachungulia, akayaona masuke. Akagusa suke moja kwa kidole. Mimi nilikuwa nachambua mboga, nikaendelea kuchambua.

Akasema, "Mama, zile ulizonipa nilizisaga."

Nikasema, "Eeh."

"Nilimpikia Jonathan wangu uji, mwaka ule alipougua akawa hawezi kula kitu. Alikuwa anakataa kila unga. Ule aliukubali."

Nikamwambia, "Jonathan ana urefu gani sasa?"

"Ananipita kichwa."

"Basi ziliota."

Hapo akalia, nami nikamwachia mboga achambue, kwa sababu mtu anayelia anahitaji kazi ya mikono.

Hakufunga nyumba. Kirikuu ilirudi Mabatini imebeba magunia mawili ya magunzi na karatasi yako. Anasema nyuma ya chumba chake kuna uchochoro unaotosha jiko, na wapangaji wote watakuja kuomba maji ya moto, nao atawapa kwa zamu. Nilimwambia akamwombe Shimba, asijenge mwenyewe. Amesema atakuja kulala hapa mwisho wa kila mwezi. Anasema ni kwa ajili ya kunitazama. Mimi nadhani ni kwa ajili ya maji.

Kibandani sasa wanalala kuku. Mwewe hawezi kuwaona.

Bibi yako,
Kashindye

Mimi Yakobo naongeza, na safari hii nimeruhusiwa. Ninapoandika haya naliona bomba lako kupitia dirishani kwangu. Linatoa moshi mwembamba sana, na kwenye tundu la kijumba unatoka mwingine mwembamba zaidi. Mke wangu ameshaanza kunitazama kwa jicho la kudai kitu.


Shuleni
Jumapili, 11 Mei 2025

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mbele ya ziwa, kisha nikaisoma tena bwenini kwa sauti, kwa sababu mkuu wa bweni aliniomba, na wasichana wa mjini walikaa vitandani kimya mpaka nilipofika kwa Jonathan. Mmoja wao, yule aliyecheka zaidi kuhusu magunzi, aliniuliza kama kichuguu kinapatikana Dar es Salaam.

Nimeapa kukuambia kila kitu, basi haya ndiyo yaliyobaki.

Madamu Akelo amebandika mchoro wa jiko letu kwenye ukuta wa maabara. Chini yake niliandika: jiko la Bibi Kashindye, Kisesa, limejengwa na Shimba. Alisema niongeze jina langu. Niliongeza, kwa herufi ndogo.

Zile punje zako zilizoota nilizipanda nyuma ya bweni kando ya mfereji wa maji ya kufulia, mahali pasipopitwa na watu. Zimesimama kumi na moja. Mbuzi wa mlinzi alikula nyingine nne, mlinzi akaniomba radhi kwa heshima sana kana kwamba mimi ni mzee, na sasa amezungushia miiba zilizobaki. Zina majani matano kila moja. Nikizitazama naona kama nimeleta kipande cha uwanja wako huku.

Tunafunga shule mwezi ujao. Baba ameandika kutoka Geita kwamba niende kwao wiki moja, nami nitaenda kwa furaha, nitalala mlangoni. Kisha nitakuja nyumbani. Naweza kusema "nyumbani" sasa bila kushika pumzi. Nikija usichemshe maji kabla. Nataka kujaza pipa mwenyewe, kuchochea mwenyewe, kusubiri mpaka liimbe, kisha wewe uoge kwanza nami nioge baada yako, na tukae ukumbini mvua ikipiga bati.

Mpe Shimba shukrani zangu kwa ile mistari mitatu ya matofali. Mzee Yakobo, nakushukuru kwa macho yako. Mwambie mama hapo nyumbani kwako kwamba nikija nitapima ukuta wenu bure.

Mjukuu wako,
Teodora

Nilikuwa nimeshasaini, na bahasha iko mkononi, lakini kuna jambo nimelizungusha kichwani wiki nzima na naomba Mzee Yakobo alisome polepole. Mimi nataka kusoma mpaka mwisho, Bibi, nijifunze kujenga, kisha nije niishi hapo Kisesa. Sijui kama nitaolewa, wala lini. Naomba unijibu kwa gari la Jumatatu ijayo, hata kwa neno moja tu: mbegu hupewa msichana anayeondoka tu, au hata yule anayerudi?